Mgeni na Mwenyeji: Historia ya Maneno Mawili katika Kivu ya Kaskazini

(Mazungumzo yaliyosemwa redioni, Goma, katika kipindi cha elimu ya raia na amani. Yamechapwa kwa ajili ya jamaa zilizokimbia vita, wakubwa wa kartie, wa avenyu na wa nyumba kumi, na vikundi vyote vinavyosikiliza pamoja.)

 

Leo tutazungumza juu ya maneno mawili tunayoyatumia kila siku pasipo kuyapima: mgeni na mwenyeji. Utayasikia penye bomba la maji. Utayasikia ukitafuta parseli, ukipeleka posa, ukizika mtu wako. Mara nyingi ni maneno ya adabu tu. Lakini katika jimbo letu maneno haya yamekwisha kutoa watu mashambani mwao, na yamekwisha kuua. Kwa hiyo inafaa tujue yametoka wapi, na nani aliyapa uzito yalio nao.

Methali ya Kiswahili yasema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kwa mzaha, kumwamsha mtu mvivu. Mimi niliyesoma sheria naiona kuwa ni sheria kamili, tena fupi. Siku mbili ni haki ya mgeni: kula, kulala, kuota moto. Siku ya tatu ni jembe, ndiyo kusema kazi, shamba, na sehemu yake katika mzigo wa kijiji. Lakini methali inanyamaza pahali pamoja. Haisemi huyu aliyepewa jembe ataitwa mgeni mpaka lini. Mpaka mwaka wa kumi? Mpaka mjukuu wake? Sehemu kubwa ya machungu ya Kivu ya Kaskazini inatoka katika swali hilo, na katika majibu mengi yaliyotolewa, moja likivunja lingine.

Jembe la zamani

Tuanze na wakati wa mababu. Tusiseme kwamba zamani watu waliishi kama malaika. Kulikuwa na vita, kulikuwa na ushuru mzito, na mwanamke hakuhesabiwa katika mambo ya shamba. Lakini kulikuwa na mlango. Mtu aliyetoka mlima mwingine, kwa sababu ya njaa au ugomvi, aliweza kwenda mbele ya mwami au mkubwa wa udongo, akaomba pa kulima. Akipewa, alitoa sehemu ya mavuno, pombe au mbuzi, ili kukubali kwamba udongo una mwenyewe. Kati ya Bahunde wa Masisi ushuru huo uliitwa mutulo. Kule Bushi, upande wa kusini wa ziwa, waliita kalinzi.

Tazameni mambo mawili katika desturi hii. La kwanza, mgeni hakujitwalia udongo. Alipewa na mwenye kuutoa, mbele ya watu. La pili, akiisha kutoa ushuru wake alihesabiwa kuwa mtu wa mwami yule. Lugha yake ya nyumbani haikumzuia. Pahali pengi watoto wa wageni waliolewa na wenyeji, koo zikachanganyika, na pengine ukoo mmoja ulipatikana katika makabila mawili au matatu. Kwa hiyo kabila halikuwa ukuta. Lilifanana zaidi na boma la miti, lenye mahali pa kupita.

Mpaka na daftari

Wazungu walipofika walikuja na vitu viwili vilivyobadilisha desturi hii: mpaka na daftari.

Mji wetu wa Goma ulianza karibu mwaka wa 1906 kama kituo cha askari wa Wabeleji, mbele ya Wajerumani waliokuwa ng'ambo, Gisenyi. Mwaka wa 1910, kule Brussels, Wabeleji, Wajerumani na Waingereza walipatana juu ya mstari wa kugawa nchi hizi. Wenye milima hawakuulizwa. Watu waliosema Kinyarwanda katika sehemu za Rutshuru walijikuta upande wa Kongo bila kuhama hata hatua moja. Hao hawakuja Kongo. Kongo ndiyo iliyowajia.

Kisha daftari. Kwa dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 serikali ya ukoloni ilipanga nchi kwa shefferi na sekta. Kila shefferi ikawa na mpaka wake, mkubwa wake, na kabila lake lililoandikwa. Mtu aliyetaka kuhama ilimpasa apate karatasi ya ruhusa. Wazungu walitaka kuhesabu watu, kuwatoza kodi na kuwapeleka kazini, na kazi hiyo ni rahisi zaidi kila mtu akiwa katika sanduku moja. Basi kabila lililokuwa na mahali pa kupita likaanza kuwa sanduku lenye kufuli. Na aliyekuwa nje ya sanduku, hata kama amelima miaka mingi, akawa mtu asiye na pahali pake.

Katika miaka hiyo hiyo udongo wenyewe ulipungua. Mwaka wa 1925 ilianzishwa mbuga ya Albert, ambayo leo ni Virunga, na ilipopanuliwa watu walitolewa. Mwaka wa 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyopewa mamlaka juu ya maeneo makubwa ili kuyagawia wazungu wa mashamba. Mashamba yale ya kahawa na pareto yalihitaji mikono. Upande wa pili, Rwanda, ambayo Wabeleji waliitawala tangu vita vya kwanza vya dunia, ilikuwa na watu wengi na njaa kali, kama ile ya 1928 na 1929. Mwaka wa 1937 wakoloni wakaanzisha kazi waliyoiita Mission d'Immigration des Banyarwanda. Ilidumu, pamoja na mapumziko yake, mpaka 1955. Wanahistoria wengi hutaja watu wapatao 85,000 walioletwa kwa njia hiyo, hasa katika Masisi. Huko Gishari wakatengenezewa hata shefferi yao, iliyokuja kufutwa mwaka wa 1957.

Hapa nawaomba msikilize kwa moyo mtulivu, kwa sababu kila upande una sababu ya kusema "tulidhulumiwa". Mwami wa Kihunde aliona wageni wakipewa jembe na mzungu, siyo na yeye. Mutulo haukutolewa, au ulitolewa kwa mkono mwingine. Hilo ni jeraha la kweli, na mtu akilidharau hatafanya amani Masisi. Na yule mkulima aliyeletwa na mkewe na watoto, aliyeahidiwa udongo akakuta pori na kazi ya mzungu, hakuiba kitu. Alipewa jembe na serikali iliyokuwapo, akalima. Na hilo pia ni kweli. Tena baada ya 1959 walikuja wengine, waliokimbia mauaji ya Rwanda. Kwa hiyo chini ya neno moja, Banyarwanda, tulikuwa na watu wa namna tatu: waliokutwa na mpaka, walioletwa na mkoloni, na waliokimbia. Kuwatia wote katika kapu moja, hilo ndilo lililoanza kutuharibia hesabu.

Tarehe nne

Sasa tufike kwenye sheria, kwa sababu uhuru ulipofika mwaka wa 1960 swali la methali yetu lilipelekwa kwa wanasheria. Nani ni Mkongomani? Na wanasheria wakajibu kwa tarehe.

Katiba ya 1964, ile ya Luluabourg, ilisema: ni Mkongomani mtu ambaye mmoja wa mababu zake alikuwa wa kabila lililokuwa katika nchi kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908.

Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 ikasema: watu waliotoka Rwanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950 wamekuwa raia tangu uhuru.

Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikafuta hilo. Ikarudi nyuma mpaka tarehe 1 Agosti 1885, wakati Dola Huru la Kongo lilipoanza. Wengine waliagizwa kuomba uraia mtu mmoja mmoja.

Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004, ambayo Katiba ya 2006 iliifuata katika kifungu cha 10, ikachagua siku ya uhuru: ni raia wa asili kila mtu wa makabila ambayo watu wao na udongo wao vilifanya ile iliyokuja kuwa Kongo wakati wa uhuru.

Wapendwa wasikilizaji, fikirini mama mmoja aliyezaliwa Masisi mwaka wa 1940, na wazazi walioletwa miaka miwili nyuma. Kwa tarehe ya 1964 alikuwa nje. Mwaka wa 1972 akaingia. Mwaka wa 1981 akatolewa tena. Mwaka wa 2004, akiwa na miaka sitini na minne, sheria ikamfungulia tena mlango. Miaka yote hiyo mama huyu hakuhama. Alilima maharagi yake pahali pale pale. Kilichohama ni tarehe.

Sisemi haya ili tuidharau sheria. Nchi isiyo na sheria ya uraia ni kama nyumba isiyo na mlango. Lakini nataka tuone kwamba "mgeni" si alama ya damu, mtu kuzaliwa nayo. Ni neno linaloandikwa na watu, tena mara nyingi na watu wanaotafuta kura. Ndiyo maana ugomvi huu uliwaka kila wakati wa kuhesabu watu na kupiga kura: katika ile vita ya Kanyarwanda ya miaka ya 1963 hadi 1965, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mobutu alipokubali vyama vingi. Mwanasiasa asiye na barabara ya kuwaonyesha watu, wala hospitali, huwaonyesha mgeni.

Udongo wa Leta

Kuna sheria nyingine iliyoumiza wote, nayo haitajwi sana. Ni sheria ya tarehe 20 Julai 1973. Ilisema udongo wote ni mali ya Leta. Juu ya mashamba ya kimila, ilisema haki za wananchi zitapangwa kwa amri ya Rais. Kwa miongo mingi amri hiyo haikutoka. Kati ya mwami na ofisi ya mashamba pakatokea nafasi tupu, na katika nafasi hiyo wenye pesa na wenye vyeo wakapita. Wakapata karatasi juu ya milima mizima ya Masisi wakatia ng'ombe. Mkulima wa Kihunde akafukuzwa, na mkulima wa Kihutu akafukuzwa. Wote wawili wakakutana katika kipande kidogo kilichobaki, na kila mmoja akamwambia mwenzake: wewe ndiwe mgeni, wewe ndiwe unayenibana.

Tarehe 20 Machi 1993 watu walishambuliwa sokoni Ntoto, katika Walikale. Vita vikasambaa Masisi na Rutshuru. Maelfu waliuawa, na inakadiriwa watu 250,000 walihama. Soko ndipo mahali pa mwisho ambapo mtu hutegemea kuuawa, kwa maana soko ni la wote. Mwanzoni mwa 1994 wazee, makanisa na vyama vya wananchi walikuwa wamekwisha kurudisha utulivu kidogo. Kisha Julai mwaka ule wakafika wakimbizi kutoka Rwanda, na wenye silaha kati yao, na mambo yakawa makubwa kuliko nguvu za wazee wa Masisi. Vita vya 1996 na 1998, na vyote vilivyofuata, mnavijua ninyi kuliko vitabu.

Mji unaowageuza watu

Sasa turudi Goma. Wenye udongo huu tangu kale ni Bakumu. Hilo lisemwe kwa heshima. Lakini mji umejengwa na watu wa kila upande. Katika sensa ya 1984, ambayo ndiyo ya mwisho ya taifa, wakaaji wake hawakufika laki moja. Leo wanakadiriwa kupita milioni moja. Hii ni kusema kwamba karibu kila nyumba ya Goma ilianza na mtu aliyefika na mzigo kichwani.

Na historia ya karibu imefanya jambo ambalo sheria haikuweza. Imetupokezana. Kuanzia katikati ya Julai 1994, kwa siku chache tu, Goma na kando zake zilipokea watu kati ya laki nane na milioni moja. Kolera ikaua maelfu na maelfu, wageni na wenyeji pamoja. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, na watu wa Goma wakakimbilia Gisenyi, wakalala kwa watu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukapasuka tena, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaagizwa kuhama. Watu wa Goma walikwenda Sake, walikwenda Minova, Rutshuru, hata Bukavu. Wengi walilala katika nyumba za watu wasiowajua, wakapewa jungu na maji.

Kisha nini? Februari 2024 vita vikafika Sake. Watu wa Sake wakatwaa magodoro yao na kuja Goma. Wengine waligonga mlango, wengine walilala Bulengo, Lushagala au Rusayo chini ya bashe. Mwenye mlango wa mwaka wa 2021 akawa mgeni wa mwaka wa 2024. Na mwishoni mwa Januari 2025 vita vikaingia Goma kwenyewe; wiki zilizofuata kambi zilizozunguka mji zikavunjwa, na wengi wakashika njia ya vijijini pasipo kujua ni nani sasa analima shamba lao.

Ndugu yangu, ukimwambia mtu bombani "wewe mdeplase, ngoja wenyeji wateke kwanza", kumbuka tarehe hizi. Sikuombi uwe mwema kupita nguvu zako. Najua maji ni kidogo na watoto wako nao wana kiu. Nakukumbusha hesabu tu.

Mila inayotembea

Wazee wengi huniambia katika mafunzo yetu: "Mwanangu, ugomvi si udongo peke yake. Mila inapotea. Watoto wa mjini hawana kabila tena." Tuseme ukweli juu ya hili.

Tuangalie sahani. Bugali wa muhogo au wa mahindi, sombe, maharagi, viazi: ndicho chakula tunachokiita chakula cha mababu. Lakini muhogo, mahindi, maharagi na viazi vyote vilitoka Amerika, ng'ambo ya bahari kubwa, vikaletwa Afrika na Wareno na wazungu wengine. Hakuna kabila la Kivu lililoumbwa pamoja na kiazi. Tuangalie kitenge ambacho mama hawezi kukosa siku ya mahari: ufundi wake ulitoka Java, kule Asia, Waholanzi wakauiga kwa mashini wakaja kuuza Afrika. Leo ukimwambia mama wa Goma kwamba kitenge si cha kwetu, atakucheka, na ana haki.

Tuangalie hata lugha ninayosema nanyi. Kiswahili kilipanda kutoka pwani katika karne ya 19, pamoja na misafara ya pembe na watumwa iliyofika Nyangwe na Kasongo, katika Maniema. Njia iliyotuletea lugha hii ilikuwa ya machozi. Baadaye wakaja nayo askari, mapadri, wachungaji na wafanyakazi. Leo mtoto wa Kinande na mtoto wa Kihunde wakigombana uwanjani, wanagombana kwa Kiswahili, na wanapatana kwa Kiswahili. Katiba inakihesabu kati ya lugha nne za taifa. Kilikuja mgeni, kikapewa jembe, na hakuna anayekiuliza tena kimetoka wapi.

Na chukudu? Ule mti wenye magurudumu mawili unaobeba viazi na mbao kutoka milimani, ambao mjini umesimamishiwa sanamu, haukutoka ng'ambo yoyote. Ni akili ya vijana wa Kivu. Aliyeuchonga alitazama mteremko na mzigo, na leo kijana wa kila kabila anausukuma.

Lakini simaanishi kwamba kila kitu kichanganywe mpaka pasibaki ladha. Mzee anayeona mjukuu hajui kumjibu bibi yake kwa Kihunde, kwa Kinyanga, kwa Kinyarwanda au kwa Kinande, analia kwa haki. Hiyo ni hasara ya kweli. Mfundishe mjukuu lugha ya bibi yake; mfundishe nyimbo, majina ya miti, ginsi ya kusalimu wakubwa. Shida inaanza pale tunapomfundisha lugha pamoja na orodha ya maadui. Mtoto apewe lugha kama urithi wa nyumbani. Asipewe kama panga.

Tena kuna mtu mmoja ambaye desturi zetu zote zimemwita mgeni: mwanamke. Kwa baba yake anaambiwa, "wewe ni wa kwenda." Kwa mume anaambiwa, "wewe ulikuja." Mume akiuawa vitani, mjane anarudi kijijini na watoto, na shemeji anamwuliza, "Unarudi kwa nani?" Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 inasema watoto wote, wa kike na wa kiume, ni warithi wa baba yao kwa sehemu sawa. Wakubwa wa asili wanaonisikiliza, shamba la marehemu ni la watoto wake kwanza. Mkimlinda mjane mmoja katika hili, mmekwisha kuzuia ugomvi wa miaka ishirini ijayo.

Baraza ilitufundisha nini

Mwaka wa 1998 katika jimbo letu iliundwa Barza Intercommunautaire. Wakubwa wa jamii mbalimbali za jimbo waliketi meza moja. Walipatanisha watu juu ya mashamba, ng'ombe na vifo, na kwa miaka kadhaa walizima mioto mingi kabla haijawa vita. Kisha, karibu na uchaguzi, siasa ikaingia, wajumbe wakaanza kuvutwa na upande huu na ule, na Baraza ikapoteza nguvu. Mwezi wa Januari 2008 tulikuwa na mkutano mkubwa wa amani hapa Goma, na mapatano yakatiwa saini tarehe 23. Vita vikarudi mwaka ule ule.

Wengine husema: basi, mikutano haina maana. Mimi nasema Baraza iliponya pale ilipozungumza juu ya shamba la fulani na mbuzi wa fulani. Iliugua pale ilipoanza kusema "sisi" na "wao". Kwa hiyo nawaachia mambo matatu madogo, ambayo hayangoji mkutano wala pesa za mtu.

La kwanza, kwa wakubwa wa kartie, wa avenyu na wa nyumba kumi. Mtu akija kuandikwa, maswali ya kwanza yawe: jina lako nani, mnalala wapi, mko wangapi, nani ni mgonjwa? Kifungu cha 30 cha Katiba kinampa haki ya kukaa pahali popote katika nchi. Kifungu cha 13 kinakataza kumbagua kwa sababu ya kabila lake. Kwa adabu, mdeplase ni mgeni wako. Kwa sheria, hakopi haki zake kwako, amekuja nazo.

La pili, kwa walioacha mashamba na kwa waliobaki vijijini. Andikeni. Shamba liko wapi, mto uko upande gani, jirani ni nani, mti gani uko pembeni. Muite mashahidi wa pande zote, siyo wa kabila lako peke yake. Na mkubwa akimpa mtu kulima shamba la aliyekimbia, aseme wazi mbele ya watu: nimekukopesha mpaka mwenyewe arudi. Kukopesha si kutoa. Mengi ya mauaji ya kesho yanaanzia katika shamba lililokopeshwa bila shahidi.

La tatu, kwa wazazi. Usiku, mtoto akiuliza, "Nani alichoma nyumba yetu?", ni vigumu sana kujibu. Usimdanganye. Lakini usimjibu kwa jina la kabila. Aliyechoma ana jina lake na la mkubwa aliyemtuma. Kifungu cha 17 cha Katiba kinasema kosa la jinai ni la mtu mwenyewe, na hakuna atakayehukumiwa kwa tendo la mwingine. Ukimwambia mtoto "ni kabila fulani", umekwisha kumhukumu na yule mama wa kabila hilo aliyewaficha chini ya kitanda chake. Na katika nyumba nyingi zinazonisikiliza, mama kama huyo yuko.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika jamaa yako, nani alikuwa wa kwanza kufika pahali mnapoita kwenu? Alitoka wapi, na nani alimpa jembe?

2. Mwaka wa 2002 au wa 2021, mlilala wapi? Mmekwisha kurudi kuwasalimu watu wale?

3. Katika avenyu yetu, ni jambo gani mtu hukataliwa kwa sababu anaitwa mgeni? Nani anaweza kulibadilisha wiki hii?

4. Kuna mjane au yatima anayezuiwa shamba la marehemu? Twende kwa nani pamoja naye?

Kikundi kiandike majibu ya swali la tatu na la nne, kiyapeleke kwa mkubwa wa kartie, na mkubwa ayasome mbele ya watu. Juma lijalo tutazungumza juu ya karatasi: namna ya kupata kitambulisho na cheti cha kuzaliwa kwa mtoto aliyezaliwa njiani.